Mko Wangapi

Kwetu watu hawahesabiwi. Ng'ombe pia. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja mjini Kajiado, na hadi leo ukiniuliza nina watoto wangapi nitakujibu kwamba wapo. Msinicheke. Kila mtu ana chake alichonyonya kwa mama.

Baba yangu, mzee Parmuat, alikuwa akisimama langoni mwa boma jioni ng'ombe wakiingia. Hakunyoosha kidole hata siku moja. Alitazama tu, halafu akasema yule mweusi wa pembe iliyovunjika hayupo, na kweli hayupo. Jicho lake lilikuwa likiona pengo.

Nililirithi jicho hilo, ila sikujua lina kazi gani mpaka nilipostaafu, tukahamia Kitengela, na mume wangu Metito akafariki. Nyumba ilinyamaza. Mwanangu Austin, aliye Kanada, akanitumia kompyuta nisije nikaanza kuongea na kuku. Humo nikapata watu wanaotafuta sayari za mbali, zile zinazozunguka majua mengine. Sayari yenyewe haionekani. Kinachoonekana ni mwanga wa nyota yake kupungua kidogo sana sayari inapopita mbele, kisha kurudi. Wanakuwekea grafu ya mwanga huo, nawe unatafuta palipobonyea. Mashine hupitia kwanza; sisi wa kujitolea tunaokota yaliyoiponyoka.

Nilifanya kazi hiyo kila asubuhi baada ya chai. Mwezi wa Machi nikaona. Mashine ilikuwa imeitupa nyota ile, eti ni kelele tu. Mimi nikaona pengo, na siku themanini na tisa mbele yake pengo lingine la kina kilekile. Nikamwandikia Ondiek, mtafiti kijana wa Nairobi anayesimamia kundi letu. Akasema tungoje la tatu. Likikosa siku yake, basi ni hitilafu ya chombo kinachopima mwanga. Nilingoja kama nilivyongoja matokeo ya Austin ya darasa la nane. Data ilipofika, pengo lilikuwepo, siku yake na saa yake.

Ondiek akapiga simu, akanipongeza, akaniambia ripoti itabeba jina langu. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyojua. Tangu mazishi, jina langu lilikuwa halijaandikwa popote ila kwenye kadi ya kliniki. Kisha akauliza:

"Mwalimu, mko wangapi hapo kwa hiyo kazi?"

"Tuko," nikasema.

Sikudanganya. Ndivyo hujibiwa. Lakini Ondiek si wa kwetu, akasikia alichosikia. Wiki iliyofuata akanitumia ripoti, na juu yake imeandikwa: Resian Metito na wenzake.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Wenzangu! Kicheko kikaisha, nami bado nimekaa. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: nitumie majina ya wenzako kabla ya Ijumaa kuisha, la sivyo ripoti haitapita.

Nilifikiria kumwandika Metito. Nani angejua? Lakini marehemu hakuiona grafu hata moja, na angeiona angesema hiyo ni kazi ya watu wasio na ng'ombe. Basi kila asubuhi nikawa naifungua ripoti nisome neno lile moja tu. Hata nikawazoea, hao wenzangu.

Ijumaa, chai ikiwa bado mezani, nikampigia.

"Ondiek, hakuna wenzangu."

"Si ulisema mko, Mwalimu?"

Hapo ikabidi nitaje idadi. Sikuwa nimewahi kuitaja, hata kwa Austin, ambaye kila Jumapili huuliza habari za nyumbani nami humjibu tuko.

"Niko peke yangu," nikasema. "Niko mmoja."

Nikamsikia akigonga vibonyezo, akifuta.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Naandika mmoja."