Muhuri wa Mninga na Katambuga Yangu ya Kushoto

Usiku wa jana niliota bahasha ya kaki imekaa ukingoni mwa kitanda changu, imekunja nne, inanisubiri niamke ili inigombeze.

"Mhando," ikasema, "wewe ndiye katibu wa gwaride?"

"Ndimi."

"Uliyemaliza kidato cha nne?"

"Nilimaliza. Matokeo ni habari nyingine."

"Vaa viatu. Kamati ya Jiji imekaa, na barua yako inasomwa kwa sauti."

Nikajifunika shuka mpaka kichwani. Hata wewe ungejifunika, kama ungejua nilichofanya nikiwa macho.

Mtaani kwetu, Stesheni ya Zamani, kila mwaka tuna gwaride la urithi. Wanyamwezi, ambao babu zao walikuja huku kukata mkonge, wanapita barabarani wamejitwika mizigo kichwani kama wapagazi wa misafara ya kale, ngoma zikiwafuata nyuma. Sisi Wazigua, watani wao, tunawalazia fimbo njiani. Hapo ndipo matusi ya utani yanapoanza: wao moja, sisi moja. Mzigua akiishiwa maneno ameshindwa. Ulimi ukimteleza akamsifu mtani wake, ameshindwa vibaya zaidi, na hiyo ni aibu ambayo hakuna Mzigua wa mtaani kwetu aliyewahi kuionja. Akishindwa anavua kiatu cha kushoto, fimbo inaondolewa, njia inafunguka. Kiatu anakaa nacho mbeba mzigo wa mbele mwaka mzima, na ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake, atakayekirudisha kwenye gwaride la mwakani.

Mnyamwezi akiishiwa, mzigo unatua chini na gwaride limekwisha. Kwa miaka arobaini mzigo haujatua, kwa sababu aliyeko mbele ni Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi ni fundi cherehani, ana miaka sabini na tisa, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Sare zote za gwaride kashona yeye. Mwaka jana vumbi la barabara yetu lilimbana kifua tukampeleka zahanati, na njia nzima akawa anamtukana dereva. Mwaka huu ametangaza: "Nikipita Jumamosi hii, basi. Mwakani nakaa kibarazani nawacheka."

Ndiyo maana safari hii tukaamua kuliomba Jiji. Tuliomba kibali cha kufunga barabara, fedha za ngozi sita za ngoma, na zaidi ya yote, boza la maji la kulaza vumbi. Daktari amesema bila maji Bi Nyamizi hatembei. Na Wanyamwezi wamesema bila Bi Nyamizi wao hawajitwiki hata kikapu.

Basi nikaandika barua mbili siku moja. Ya kwanza ilikuwa ya Jiji, imenyooka, ina "kwa heshima na taadhima" mbili. Ya pili ilikuwa mwaliko kwa watani, na kwa desturi yetu mwaliko huo ni matusi kuanzia salamu mpaka sahihi. Bahasha zote za kaki, zimefanana kama mapacha. Jana jioni Bi Nyamizi akanitumia ujumbe kwenye simu: "Mzigua, tangu lini mimi nikawa Mkurugenzi wa Jiji? Umeniandikia kwa heshima. Unaumwa?"

Hapo nikajua ile nyingine imefika wapi. Na Kamati ilikuwa inakaa Ijumaa, yaani leo.

Basi, tuendelee. Navaa katambuga zangu, vile viatu vya tairi la gari. Ya kushoto imeng'oka msumari mmoja kisiginoni, inaacha alama yake. Nafungua mlango nikitegemea kukuta uani kwetu na ndoo za mama. Nakuta mapokezi ya Jiji.

Mezani kuna mizani ya sokoni, ile ya sahani mbili, imevaa tai.

"Umekuja na nini?" ikauliza.

"Nimekuja kuombea gwaride la urithi."

"Weka urithi hapa tuupime. Chini ya kilo mbili hatupokei."

Sijui ngoma ilitoka wapi, lakini nilikuwa nayo kwapani. Nikaiweka. Mizani ikaguna.

"Ngoma ni kilo nne. Urithi, sifuri."

Nikaweka kofia ya babu. Sifuri. Nikaweka picha ya gwaride la mwaka ule mvua iliponyesha, watani wakapita hivyo hivyo. Gramu kumi, na mizani ikasema hizo ni za fremu. Nikaishiwa uvumilivu.

"Nawe mizani wewe," nikasema, "umesimama hapo umepinda kama Mnyamwezi aliyeambiwa apokee mzigo wa pili!"

Sahani ikashuka kwa kishindo, ikagonga meza.

"Kilo mbili na robo," ikasema, na kurekebisha tai. "Pita."

Chumba cha Kamati kilikuwa darasa letu la kidato cha pili, ila ubaoni palikuwa na dari na juu palikuwa na ubao. Wajumbe walikuwa watatu. Kulikuwa na feni, ambayo ilikataa kila jambo kwa kutikisa kichwa huku na huku. Kulikuwa na kalenda ya ukutani, mwanamama mwembamba. Mwenyekiti alikuwa muhuri, mnene, mpini wa mti umeng'aa kwa kushikwashikwa, miguu ina wino wa zambarau. Alikuwa amesimama juu ya barua yangu.

"Ndugu Katibu," akasema muhuri kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba, "nimefanya kazi hapa miaka ishirini na sita. Nimepigwa juu ya barua za kila namna. Naomba niisome hii."

"Mheshimiwa, naomba usiisome."

Akaisoma.

"'Kwenu ninyi wenye shingo zilizozama kifuani kwa mizigo. Tumesikia mnataka kupita kwetu Jumamosi. Mtapitaje, na miguu yenu imepauka kama michembe ya viazi iliyosahaulika juu ya paa? Mwaka huu hatutaki kelele, maana ngoma zenu zinalia kama mbuzi aliyeibiwa na mwizi asiyejua mbuzi. Njooni tuwacheke. Sisi na ninyi tutakuwa mia mbili, tukiwahesabu na waliotutangulia. Asiyekuja ana choyo. Mhando, Katibu.'"

Feni ikatikisa kichwa.

"'Shingo zilizozama kifuani,'" muhuri akarudia taratibu, akijitazama. Kwa kweli hakuwa na shingo. "Hapa unanizungumzia mimi?"

"Hapana, Mheshimiwa! Barua ni ya Wanyamwezi. Ni watani wangu. Nimekosea bahasha."

"Huu mpini wangu ni wa mti gani?"

Nikautazama. "Mninga."

"Mninga wa wapi?"

"Wa... Tabora?"

"Urambo, Unyamwezini kwenyewe," akasema muhuri. "Nililetwa hapa kwa treni, nimefungwa kwenye gunia la karanga. Kwa hiyo, kijana, barua imefika kwa mwenyewe."

Akanikazia macho. Halafu, bila kubadilisha sura hata kidogo, akasema: "Wazigua ninyi mnaogopa mizigo mpaka mkipewa jina refu mnalitua njiani mkapumzike."

Nilitaka kulia kwa furaha. Mtani hawezi kukukasirikia, hata akiwa Mwenyekiti.

"Subirini," akasema kalenda. "Mimi sina mtani, mimi nina utaratibu. Barua inasema washiriki mia mbili pamoja na waliotangulia. Kila mshiriki aje asaini. Waliotangulia wako wapi?"

"Mama, ule ni msemo tu wa mwaliko."

"Kilichoandikwa kimeandikwa. Waingie."

Mlango ukafunguka, na wakaingia.

Wanakuja kwa mstari mmoja, wapagazi, kengele ndogo zinalia miguuni, mizigo vichwani imefungwa kwa kamba za magome. Ni wengi kuliko nilivyowahi kufikiri. Ukuta wa darasa unarudi nyuma kuwapisha, halafu hakuna ukuta tena, ni barabara yetu ya Stesheni ya Zamani, na meza ya Kamati iko katikati ya njia. Kila mpagazi anachovya dole gumba kwenye wino wa muhuri, anagonga kitabu, anasonga. Hakuna anayelalamika. Kalenda anawahesabu, na sauti yake inazidi kuwa ndogo.

"Wametoka wapi hawa na miguu peku?" akaniuliza chinichini.

"Huko huko bara. Njia nzima walikuwa wakituambia sisi Wazigua hatuna akili."

"Na ninyi?"

"Tuliwapa maji, tukawaambia wananuka."

Kalenda akajifunika uso kwa ukurasa wa Desemba. Nadhani alikuwa anafuta chozi.

Mbele ya msafara wote huo yuko Bi Nyamizi. Amejitwika cherehani yake kichwani, ile nyeusi ya mkono, na khanga kaifunga kiunoni. Anatembea kama aliyetumwa kwa haraka.

"Mzigua!" akaita. "Unafanya nini hapo na watu wenye akili?"

"Nakuombea maji, Bibi!"

"Ungeanza na wewe kuoga!"

Msafara mzima wa marehemu ukacheka. Lakini miguu ile mamia ilikuwa imeamsha vumbi, na vumbi likapanda mpaka kwenye feni, na feni, kwa ile tabia yake ya kukataa, ikalirudisha chini lote. Bi Nyamizi akakohoa. Akakohoa tena. Cherehani ikayumba kichwani.

"Jamani, mimi natelemka," cherehani ikasema. "Huyu mama kachoka."

"Usithubutu!" nikapiga kelele. Wapagazi wote wakasimama, kwa sababu wao ndio walioianzisha sheria hii na wanaijua: mzigo ukitua, basi. Na safari hii si basi ya mwaka mmoja.

"Mheshimiwa, gonga barua tupate boza!"

"Sigongi barua ya matusi," akasema muhuri, "na njia bado imefungwa. Fimbo ni ya nani hiyo?"

Nikatazama mkononi. Fimbo nilikuwa nayo mimi, imelala mbele ya miguu ya Bi Nyamizi. Sheria ni sheria. Ilikuwa zamu yangu kutukana.

"Haya, Mzigua," akasema Bi Nyamizi, machozi ya vumbi yakimtiririka. "Nitukane vizuri, nisije nikafa kwa tusi bovu."

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nayo matusi ya mwaka mzima, nimeyaandika nyuma ya daftari la hesabu, hata lile la magoti yake yanayolia kama bawaba. Nikamtazama. Shingo haikutetereka. Mikono ile ndiyo iliyonishonea sare ya shule mama alipokuwa hana kitu, ikaacha upindo mrefu chini, "maana huyu atarefuka, hana kazi nyingine".

"Bi Nyamizi," nikasema, "wewe... hakuna mzigo duniani unaokutosha."

Nikasikia sauti yangu na nikaogopa. Nikajaribu kuigeuza iwe tusi. Haikugeuka.

"Ukipita wewe ndipo mtaa unajua kuwa ni mtaa," ulimi ukaendelea wenyewe, mshenzi. "Tangu nimezaliwa sijaona mtu ananyooka vile."

Mizani ikachungulia kutoka mapokezi. "Huko ndani kuna nini? Sindano yangu imekatika."

"Amesifu," akanong'ona mpagazi wa kwanza.

"Amesifu!" wakaitikia wote hadi mwisho wa mstari, nikasikia neno likienda mbali, mbali, mpaka bara.

Bi Nyamizi alinitazama kwa huruma ambayo mtu humtazama nayo kuku aliyejiingiza mwenyewe kwenye sufuria. "Mhando, mjukuu wangu," akasema, "umetia aibu ukoo wako wote." Lakini shingo yake ilinyooka zaidi, na cherehani ikaacha kuyumba.

"Umeshindwa!" akasema muhuri, na kwa mara ya kwanza akaruka. "Toa kiatu. Fungua njia!"

Nikaondoa fimbo. Nikavua katambuga ya kushoto, nikaiweka mezani. Muhuri akapanda juu yake, akajikaza, akagonga soli kwa nguvu zake zote: IMERUHUSIWA. Kalenda akatia tarehe. Feni ikajaribu kukataa, ikajikuta inaitikia kwa kichwa juu na chini kama mtu mwenye adabu.

"Kibali kiende kwa dereva wa boza sasa hivi," muhuri akaagiza, "kisha kwa mbeba mzigo wa mbele, akitunze mpaka mwakani."

"Nani atakipeleka?" nikauliza.

Katambuga yangu ikashuka mezani yenyewe, ikaondoka kwa kurukaruka, na haikuniaga.

Nikaamka. Kumekucha. Mlango nimeufunga kwa komeo la ndani, kama nilivyoufunga jana. Chini ya kitanda kuna katambuga ya kulia. Peke yake.

Nikatafuta ya kushoto kwenye mabeseni, juu ya kabati, mpaka kwenye pipa la mkaa. Mama akauliza natafuta nini nikamwambia kibali. Akarudi zake jikoni.

Nikatoka nje na mguu mmoja peku, na mguu ukakanyaga baridi. Barabara ya Stesheni ya Zamani, ambayo haijaona tone la mvua tangu mwezi wa tano, ilikuwa imelowa kutoka ukingo hadi ukingo. Kule kwenye kona boza la maji lilikuwa linapinda, linadondosha matone ya mwisho.

Juu ya tope hilo jipya kulikuwa na nyayo. Zote za kushoto. Zina makunyanzi ya tairi, na kisiginoni pana tundu dogo mahali ambapo msumari haupo. Zimetokea upande wa boza, zimepita mbele ya mlango wetu bila kusimama, zimevuka njia mpaka kwa Bi Nyamizi. Zimepanda ngazi yake moja, zikaingia ndani. Za kutoka hazipo.

Kutoka dirishani cherehani ilikuwa inalia mbio, na yeye anaimba.

Nikasimama pale kama korongo, kwa mguu wangu mmoja wenye kiatu, nikipiga hesabu. Kiatu kiko kwake. Na kiatu kinarudishwa mwakani, barabarani, kwa mkono wake mwenyewe, mzigo ukiwa kichwani.

Kwa hiyo hicho kibaraza chake cha kukaa atucheke, bora akisahau.