Mzigo wa Tabora

Chumba hakikuwa na dirisha. Euphrasie alikaa na koti lake mwilini, mikono ameibana kati ya magoti. Nje, kwenye viti vya kusubiri, binti yake Laurette alikuwa akifanya hesabu za shule. Ilikuwa Novemba 2003, Landani, na mama huyu alikuwa akihojiwa kuhusu ombi lake la hifadhi.

"Asili yako ni wapi?" afisa aliuliza. Nickson, mkalimani Mtanzania, akatafsiri.

Kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, ukiulizwa asili huanzi na wewe. Unaanza na babu, la sivyo unaonekana mtu asiye na wenyewe. Basi akaanza na babu, masikini, na hapo ndipo alipojiponza.

"Baba ya baba yangu, Babeleji balimukamata 1916, abebe mizigo ya vita mpaka Tabora. Ndugu yake alikufa njiani. Yeye alirudia kwetu na bibi aliyemuoa, muntu wa Tabora."

Kalamu ya afisa ilisimama. "Kwa hiyo nyanya yako ni Mtanzania. Na wewe pia."

"Hapana! Tanzania sina muntu! Mukinitupa kule, batanirudisha Uvira, kwa bale baliua bwana yangu!"

"Sasa vita vya zamani vimeingiaje hapa?" afisa aliuliza.

Alijaribu kueleza, kama baba yake mwalimu alivyomfundisha. Wafalme wa Ulaya walikuwa wakitunishiana misuli kwa manowari na makoloni, kila mmoja na washirika wake. Mrithi mmoja wa kiti cha ufalme akauawa, wote wakarukiana. Mdachi, yaani Mjerumani, akamvamia Mbeleji kwao Ubelgiji. Mbeleji akatoka Kongo, akamfuata Mdachi hadi koloni lake, Tabora, kwa mabega ya watu wasiokuwa na ugomvi na yeyote.

"Mama, fupisha," Nickson alinong'ona kwa huruma. "Anaandika Tabora tu."

Afisa alipoinama kuchukua fomu, ua jekundu la karatasi alilobandika kifuani lilidondoka. Euphrasie aliliokota, akampa kwa mikono miwili.

"Asante," afisa alisema, safari hii kwa upole. "Ni la kuwakumbuka waliokufa katika vita hivyo."

"Na ndugu ya babu yangu? Ule alikufa na mzigo kichwani, naye munamukumbuka?"

Nickson alitafsiri, neno kwa neno. Afisa alilibana ua mahali pake, akatazama saa ya ukutani, kisha penye uraia akaandika: Mtanzania. Akamgeuzia fomu, atie sahihi.