Tatu Imegoma Kuwa Kumi na Moja

…maana tatu haiwezi kuwa kumi na moja, hata uibembeleze vipi, hata uivalishe viatu vya visigino virefu, kushoto tatu, kulia kumi na moja, na katikati ile alama ya usawa aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe, mistari miwili minene ya chaki inayomkodolea macho, na nyuma yake wanafunzi arobaini na watano wa kidato cha kwanza wanangoja, na nyuma ya hao arobaini na watano, kwenye kiti alichokibeba mwenyewe kutoka ofisini, amekaa mkuu wa taaluma, ambaye wanafunzi wanamwita Rula kwa jinsi mgongo wake usivyojua kupinda, fomu mapajani, kalamu mkononi, na kipindi hiki kimoja cha majaribio ndicho kitakachosema kama huyu mama wa watoto watatu ni mwalimu au alikuwa mwalimu… alikuwa, neno gani hilo, alikuwa, kama marehemu… geuka basi, anajiambia, geuka uwatazame, lakini afadhali aendelee kuutazama ubao, mtu anayeutazama ubao huonekana anafikiri, na anafikiri kweli, tatizo ni kwamba hafikirii hesabu, anafikiria homa, anamfikiria Bosi, kitinda mimba wake, mwaka mmoja na miezi minne, meno sita na amri za jemadari, aliyeamka asubuhi mashavu yanachoma, yeye akampima kwa mgongo wa mkono, akampima kwa midomo, akampima kwa kipimajoto kilichoandika nusu ya namba kikazima, na baba watoto akamchukua mtoto akamtupia begani kama gunia, shati limeshatapikiwa, akasema, “Nenda, mtu wa meno sita atanishinda mimi?” na jibu lilikuwa ndiyo, atakushinda, tena kabla ya saa nne, lakini akalimeza, akatoka, akafunga mlango, akaufungua kusema dawa iko juu ya friji, akaufunga, akaufungua kusema uji usiwe wa moto, mpaka baba watoto akaufunga mwenyewe kwa ndani na komeo akapiga… kwa hiyo yuko hapa, na 3(x − 4) = 2x + 1 iko hapa, na chini yake hatua zake zote safi, mwandiko mzuri, hata wa kuwekea fremu, mwisho x = 5, halafu kwa kiherehere chake akasema tuhakiki jibu letu, nani alimtuma kuhakiki, si angepiga mstari tu akaendelea, akaiweka tano mahali pa x, na kushoto ikatoka tatu na kulia kumi na moja, na hapo ndipo ulimi ulipogoma… “amekwama,” ananong’ona mmoja huko nyuma, “hajakwama, anatutega, hujui walimu wa hesabu wewe”… Mungu ambariki huyo wa pili, apate watoto wanaolala… na kulala ndiko kulikomponza tangu mwanzo, kwani aliingia darasani likiwa soko, madawati yanaburutwa, mtu anaimba, na yeye, miaka tisa kazini kabla ya ile sita ya nyumbani, cheti anacho, sauti anayo, badala ya kusema habari za asubuhi kama walimu wa watu, akaweka kidole mdomoni akatoa ule mnong’ono wenye makali wa mtu aliyekesha, “Shshsh, mtoto amelala,” na darasa likanyamaza, likanyamaza kweli, hata akadhani amefaulu, mpaka yule msichana wa dawati la mbele, kalamu mbili kwenye nywele, aliposimama kwa adabu zote akauliza, “Mwalimu, amelala dawati gani?” na hapo wakapasuka, wengine wakainama kumtafuta chini ya madawati, na Rula akaandika kitu, kirefu, unaandika nini kirefu hivyo kwa maneno mawili… ndiyo maana alikimbilia ubaoni, akaandika mbiombio, ili kicheko kimkose, na mtu anayekimbia hachungulii anakokanyaga… na mama mkwe atasikia, mama mkwe hajawahi kumtukana mtu maishani mwake, huwa anauliza tu, juzi kwenye simu aliuliza kwa upole kabisa, “Hivi mwanangu, hesabu za siku hizi ni zilezile?” naye akajibu zilezile mama, mbili na mbili hazijapata mtoto wa tano, wakacheka wote wawili, mmoja akacheka kwa moyo… na sasa meza inatetemeka, hapana, ni simu, simu iliyolala chali juu ya andalio la somo inatetemeka na kusogea kidogokidogo kama mende, baba watoto, na walikubaliana asipige mpaka mambo yazidi, alimwambia kwa kinywa chake hata nyumba ikishika moto zima kwanza ndipo upige, basi yamezidi, homa imepanda, na kifuani mwake kinapita kitu chepesi, cha baridi, kama mtu aliyefunguliwa dirisha, ndiyo, mlango ndio huu, atageuka, atasema samahani mkuu, mtoto anaumwa, na nani atamlaumu, atachukua mkoba na kutoka na heshima yake yote, mama mwema aliyekimbilia mwanawe, na hakuna atakayekumbuka tatu wala kumi na moja, tayari ameshajiona getini, ameshajiona anavua viatu… halafu anakisikia hicho kitu chepesi kinaitwaje, mama gani huyu anayesimama mbele ya watoto wa wenzake akiomba homa ya mwanawe ipande ili yeye apate pa kutokea… simu imenyamaza… inashtuka mara moja tu, ujumbe, anapepesa jicho bila kugeuza kichwa, kioo kinawaka, *nilibonyeza kwa bahati mbaya, homa imeshuka, amekula, soksi zake ziko wapi*, na moyo, badala ya kupanda, unashuka, unashuka na homa, jamani, soksi, miaka minane ya ndoa na droo ni ileile… basi hakuna mlango, mtoto mzima, baba mzima, ubao tu na yeye, na chaki inayomlainikia kwa jasho la vidole, na njia ipo bado moja, wanayoijua walimu wote duniani, geuka utabasamu useme nilikuwa nawatega, nilitaka kuona nani yuko macho, mara ngapi aliitumia zamani, mara mia, na Rula naye ameitumia, ataitambua kama mtu anavyotambua koti lake mgongoni mwa mwingine… tazama basi, tazama hesabu kwanza, mara ya kwanza tangu uingie, itazame, mstari wa pili, 3x − 4… 3x kutoa… hee… hee, mama wee, tatu imeingia ndani ya mabano ikamzidisha x na nne ikaipita hivihivi, kosa la mtoto wa kidato cha kwanza, kosa alilolipigia kelele miaka tisa mpaka sauti ikakauka, ukiingia nyumba ya watu unasalimia wote, humpi mkono baba sebuleni ukampita mama jikoni, na leo aliyempita mama jikoni ni yeye mwenyewe, ni kumi na mbili pale, si nne, kumi na mbili ikivuka inakutana na moja, x ni kumi na tatu, na kumi na tatu kutoa nne ni tisa, mara tatu ishirini na saba, na upande wa pili ishirini na sita na moja… ishirini na saba, na ishirini na saba… kitu kimejifunga kichwani, tak, kama mfuniko wa sufuria uliopata sufuria yake, na tumbo linamchekea kwa ndani, lini mara ya mwisho jambo kumalizika likabaki limemalizika, nyumbani hakuna kinachoisha, vyombo vinaoshwa ili vichafuke, sakafu inadekiwa ili imwagiwe uji, anawapenda mpaka anaumwa mbavu lakini hakuna hata mmoja wao anayetoka sawasawa pande zote mbili, na hii imetoka, na anaitaka, anataka nyingine, anataka kumwona yule wa “amekwama” akiikamata mwenyewe na macho yakimtoka, anataka sana, na kumbe hofu yote hii ya tangu asubuhi haikuwa ya Rula, ni ya kutaka hivi na kuambiwa hapana… basi aandike anachoandika, akiandika hapana kuna shule nyingine, na nyingine baada ya hiyo, lakini hatawaambia alikuwa anawatega, atasema nimekosea, tafuteni ni wapi, wakosee naye, wacheke tena wakitaka… “Mwalimu,” anauliza yule msichana wa mbele, taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa, “umekwama?” na yeye bado amewapa mgongo, chaki bado imegusa ubao, kalamu ya Rula huko nyuma bado inakwaruza, na linalomjia kichwani ni kwamba huyu binti ana mdomo na ana akili, akae karibu na yule mnong’onaji wa nyuma wabishane hesabu badala ya maneno, kesho atawapanga upya wote, safu kwa safu, kesho asubuhi kabla ya… kesho, amesema kesho…