Ngazi ya Chaki

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi, Mama Pindo aliinua mguu kwenye pedali ya cherehani, akakung'uta nyuzi zilizonasa kwenye sketi yake na kutia daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Shati la tisini na nne lilibaki chini ya sindano likiwa na mkono mmoja.

Msimamizi wa zamu, binti ambaye Mama Pindo mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutia uzi, alimtazama kutoka meza ya kukatia.

"Mama, bado mashati saba."

"Nitakuja alfajiri kuyamaliza, mwanangu. Leo tuna marudio ya hesabu."

"Marudio kila siku. Huo mtihani wenyewe lini?"

"Wiki sita. Mungu akijalia, cheti kikitoka nitakaa hapo ulipokaa wewe."

"Na mimi nikae wapi?"

"Wewe utapanda juu, uanze kunifokea kwa simu."

Binti alicheka na kumwonyesha mlango kwa mkasi.

Kiwanda hicho kidogo kilishona sare za shule. Mama Pindo alikuwa amekaa kwenye cherehani ile ile kwa miaka kumi na tisa. Mwishoni mwa mwaka nafasi ya pili ya msimamizi ingefunguliwa, na tangazo lilikuwa limebandikwa karibu na choo: mwombaji awe na cheti cha elimu ya msingi. Hakuna aliyeandika kwamba awe anajua kushona. Mama Pindo aliacha shule darasa la tatu, mama yake alipougua. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kila jioni alikwenda kukaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili.

Njiani alinunua mkate. Bei ilikuwa imepanda tena tangu juzi, kwa hiyo akaomba akatiwe nusu, akaula akitembea huku akijisomea jedwali la nane kwa sauti. Mpita njia mmoja alimpisha akidhani anaongea peke yake. Na kweli alikuwa anaongea peke yake.

Alipofika, Mwalimu alikuwa ameshachora ngazi mbili ubaoni. Mwalimu alikuwa mwanamke kijana aliyefundisha watoto tangu asubuhi, na jioni akawafundisha wakubwa bila mtu kumwambia asante ila wao wenyewe. Kila ngazi ilikuwa na vipandio kumi. Mezani aliweka maswali aliyoyaandika nyuma ya vipande vya maboksi ya sabuni.

"Mnaujua mchezo," alisema. "Timu mbili, zamu kwa zamu. Mwenye zamu anasimama, anajibu. Ukipata, timu inapanda kipandio kimoja. Ukikosa, inashuka kimoja. Anayefika juu kwanza ameshinda. Na msinong'onezane, mzee, nimekuona."

"Mimi nakohoa tu, mwalimu," alisema Mzee Timazi.

Walikuwa kumi na wawili, sita upande wa dirishani na sita upande wa mlangoni. Mama Pindo alikaa dirishani pamoja na mlinzi wa ghala, ambaye alikuja darasani na sare yake ili akitoka aende kazini moja kwa moja. Mlangoni alikaa Mzee Timazi, fundi mwashi wa miaka sitini na moja, pamoja na muuza maziwa na mwenye bucha. Madawati yalikuwa ya watoto, benchi na meza vimeungana, na mwenye bucha kila aliposimama kujibu alisimama na dawati lake.

"Ninyi wa dirishani mnapigwa upepo tu, hesabu hamna," aliwachokoza muuza maziwa.

"Na ninyi mmekaa mlangoni ili mkishindwa mkimbie vizuri," mlinzi alimjibu.

Walipanda. Sehemu za kumi, wakapanda. Kugawanya kwa tarakimu mbili, mlangoni wakateleza, wakapanda tena. Mama Pindo alipata eneo la mstatili bila kugusa kalamu, na upande wake ukapiga meza mpaka vumbi la chaki likaruka. Jina lake alilipata humu humu, katika wiki ya kwanza. Mwalimu aliuliza utepe wa mita sita ukigawiwa watoto wanne sawasawa, kila mtoto atapata kiasi gani. Yeye akajibu mita moja na sentimita arobaini. Alipoambiwa zimepotea sentimita kumi kwa kila mtoto, alisema hazikupotea, zimekunjwa kwenye pindo, kwa kuwa utepe usiopindwa hufumuka. Darasa lilicheka hadi mlinzi wa shule akaja kuchungulia. Miezi mitatu ilikuwa imepita, na hakuwa amelikosa tena swali la namna hiyo.

Timu zote mbili zilikuwa kwenye kipandio cha sita wakati afisa wa elimu alipoingia na bahasha ya kaki. Alikuwa mtu mnene, mchovu, kola ya shati lake imeloa jasho. Wote walijaribu kusimama, na dawati la mwenye bucha likagonga ukuta.

"Kaeni, kaeni. Nimeleta fomu za mtihani."

Mama Pindo alishusha pumzi. Kwa mwezi mzima alikuwa ameiombea fomu hiyo kila alfajiri kabla hajavaa viatu.

"Fomu sita," alisema afisa.

Mwalimu alishika chaki bila kuandika. "Afisa, nilipeleka majina kumi na mawili."

"Majina tumeyaona. Mwaka huu ni fomu sita kwa kila kituo. Kituo chenye watu thelathini kimepata sita, chenye watu wanne kimepata sita. Ni usawa."

Mzee Timazi aliinua mkono. "Samahani, mheshimiwa. Hao wanne, fomu mbili zinazobaki wanazifanyia nini?"

"Zinarudi ofisini."

"Ofisini nako kuna wanaosoma?"

Watu walicheka kidogo. Afisa hakucheka. Alikuwa ameziona zile ngazi ubaoni.

"Hizi timu zina watu wangapi?"

"Sita kila moja," Mwalimu alijibu taratibu.

"Basi Mungu amenirahisishia. Timu itakayofika juu ndiyo ijaze fomu. Wengine mwakani. Endeleeni, mimi nashuhudia."

Mama Pindo hakupenda Mungu atwishwe kazi za ofisi. Aliinamisha kichwa. Mwakani nafasi ya msimamizi ingekuwa ya mtu mwingine.

Mchezo uliendelea, lakini hakuna tena aliyepiga meza. Dirishani walipanda cha saba, mlangoni wakapanda cha saba. Cha nane. Cha nane. Mtu alipopata, alikaa chini akitazama vidole vyake. Muuza maziwa alipopata jibu lake, alimwambia mlinzi, "Nisamehe," kwa sauti ndogo. Wakafika wote cha tisa.

"Zamu ya dirishani," alisema Mwalimu. Alikiangalia kipande cha boksi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mama Pindo."

Alisimama.

"Shati moja linahitaji mita moja na robo tatu za kitambaa. Mashati kumi na mawili yanahitaji mita ngapi?"

Lilikuwa swali la kazi yake. Ishirini na moja. Jibu lilikuja hata kabla Mwalimu hajafunga mdomo. Alihisi watano wa upande wake wakimngoja, na hakuthubutu kugeuka. Mbele yake, upande wa pili, alimwona Mzee Timazi amekaa wima, mikono juu ya magoti kama anayengoja kupigwa picha. Mzee huyu ndiye aliyemfundisha sehemu kwa kuvunja tofali nje ya darasa, nusu, robo, thumuni, mpaka akaelewa.

Mungu wangu, aliomba kimoyomoyo, nilikuomba fomu. Sikukuomba fomu ya mtu. Kama nakosea, nisamehe, maana nitakosea kwa kusudi.

"Mita ishirini na mbili," alisema.

Afisa alitazama kipande cha boksi mkononi mwa Mwalimu. "Ni ishirini na moja, mama."

"Ni kweli, afisa. Moja nimeiacha ya mapindo."

Mlinzi alimtazama kama mtu aliyeona mlango wa ghala uko wazi. Kisha akaelewa, na akaanza kujikuna shingo ili afiche uso.

Mwalimu alifuta alama ya dirishani na kuishusha kwenye kipandio cha nane. Mlangoni walikuwa bado cha tisa.

"Mzee Timazi. Ukuta una safu kumi na tano. Kila safu ina matofali ishirini na manne. Yote ni mangapi?"

Mzee alisimama polepole. Alikuwa na haki ya kusema mia tatu na sitini na kwenda zake. Mama Pindo alikazia macho ubao.

"Mia tatu sabini na nane," alisema mzee.

"Umezidisha vipi wewe?" aliuliza afisa.

"Nimezidisha vizuri. Kumi na nane ni ya kuvunjika njiani. Tangu nianze kazi hii sijaona lori lililofika na matofali mazima yote."

Kicheko kilianza upande wa dirishani na kuvuka hadi mlangoni. Mwalimu aliugeukia ubao, akafuta, akashusha, na mabega yake yalikuwa yanacheza.

Ikaja zamu ya mlinzi. Mlinzi anaingia saa moja jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, amekaa saa ngapi? Akajibu kumi na mbili na nusu. Afisa akamwambia ni kumi na moja. "Kumi na moja ndizo zilizoandikwa," alisema mlinzi. "Anayenipokea hajawahi kufika kabla ya saa moja na nusu." Muuza maziwa aliulizwa ndoo ya lita ishirini inajaza chupa ngapi za nusu lita, akasema thelathini na nane, mbili ni povu. Dirishani wakashuka, mlangoni wakashuka. Watu wazima walikuwa wakikosea kwa adabu kubwa, mmoja baada ya mwingine, na kila kosa lilikuwa limepigiwa hesabu sawasawa.

Mwenye bucha alipoulizwa saba mara nane, alisimama na dawati lake na kukosa kisingizio cha kazi. Jasho lilimtoka.

"Hamsini na..." alisema. "Na... nne?"

"Hamsini na sita," afisa alilipuka. "Mtu mzima wewe, hamsini na sita."

"Jibu ni sahihi," alisema Mwalimu. "Lakini afisa hayumo kwenye timu yoyote."

Hapo hata afisa alishindwa. Kicheko kilimponyoka puani kabla hajakizuia, akatoa leso na kujifuta uso mzima. Dirishani walikuwa kipandio cha pili, mlangoni cha pili.

"Mnashuka mwende wapi?" aliuliza.

"Tufike chini wote," alisema Mama Pindo. "Chini tunatosha."

Afisa alitazama saa yake. Alikunja leso mara nne. "Sikilizeni. Mimi nami nimetumwa. Nikirudi na majina kumi na mawili nitaulizwa mimi, si ninyi." Aliweka fomu sita mezani, zenye muhuri wa zambarau. "Kesho saa nne mwalimu aniletee zikiwa zimejazwa. Mtakavyochagua ni shauri lenu."

Alitoka. Walisikia viatu vyake kwenye changarawe mpaka getini.

Mzee Timazi alijinasua kutoka dawatini, akachukua moja na kuitazama kwa karibu kama anayekagua ukuta wa fundi mwingine.

"Mistari yenyewe imepinda," alisema. "Nani ana karatasi safi? Na rula."

"Mzee, zisizo na muhuri wanaweza kuzikataa," alisema Mwalimu.

"Wazikatae. Lakini wawe wameziona."

Mwalimu alichana karatasi sita katikati ya daftari lake la maandalizi. Mzee alipiga mistari, muuza maziwa akasoma maneno, wenye mwandiko mzuri wakanakili: jina, mahali pa kuzaliwa, kazi, kituo. Walifanya kazi wakitaniana, na mwenye bucha akawekewa sharti aandike saba mara nane nyuma ya mkono. Zilipotimia kumi na mbili walizigeuza kifudifudi, wakazichanganya, kila mmoja akaokota. Mlinzi alipata yenye muhuri, akaenda kazini mbio akiwa ameshaijaza. Mama Pindo aligeuza yake. Ilikuwa ya mkono, na chini ilikuwa bado haijamalizika.

Aliitazama ya jirani. Chini kabisa paliandikwa: Kwa matumizi ya ofisi. Amekubaliwa. Amekataliwa. Sababu. Mbele ya neno sababu palikuwa na nafasi ya upana wa kidole kimoja.

Alinakili maneno yote kwa mwandiko wake wa mviringo, herufi kwa herufi, ulimi ukiwa umechungulia pembeni mwa mdomo. Alipofika kwenye sababu aliomba rula. Alipiga mstari. Akapiga wa pili chini yake, wa tatu, wa nne, na wa tano, ambao ulifika karibu na ukingo wa karatasi.

"Mbona mistari mingi hivyo?" aliuliza Mwalimu, akiwa amesimama nyuma yake.

"Ili asiseme alikosa mahali pa kuandika," alisema Mama Pindo. Akavuta mstari mwingine mfupi pembeni, akaandika juu yake: Jina la aliyekataa.