Chokaa ya Kitezi

Nchi ya Kitezi, ndogo kuliko punje ya mtama, imejibanza katikati ya kichwa cha panya, na wakazi wake, waliosongamana katika vijumba vyenye kuta laini, hawana kazi nyingine ila kupika usingizi wa mnyama mzima na wa kwao wenyewe: jua likizama, kila nyumba hutia chokaa kidogo chunguni, usingizi ukaiva, kisha chokaa ikazolewa upesi na kurudishwa mtungini, maana ikiachwa nje huganda ikawa jiwe. Juu yao alikaa Mwinyi Fumbwe, mtawala aliyependa weupe kuliko alivyopenda watu.

"Kuta za jumba langu zimefifia," alimwambia Mwatima, mgawaji wa chokaa. "Niletee mitungi ya mtaa wa chini."

"Na wao watapika na nini, Mwinyi?"

"Mwanao Mbeyu anaumwa, sivyo? Atapata usingizi wa chungu changu, kabla ya mtu yeyote."

Lo! Mama gani angekataa? Mwatima alibeba mitungi nyumba baada ya nyumba, akiwapita majirani pasipo kuwatazama usoni, akaipaka chokaa yao ukutani tabaka juu ya tabaka, huku wapambe wakishangilia. Vyungu vya mtaa wa chini vikapoa. Chungu cha jumba nacho kikagoma kuiva, kwani usingizi wa Kitezi hupikwa na nyumba zote kwa pamoja au haupikwi kabisa, na panya akawa anatangatanga kutwa kucha, macho yamemtoka pima.

"Mama, mbona jua haliishi?" aliuliza Mbeyu, sauti imemkauka.

Mwatima alilia. Laiti angekataa siku ile! Akachukua nyundo, akaenda kuidai chokaa.

Kuta za jumba zilikuwa zimevimba na kuziba milango yote. Alibomoa kipande, akakitia maji, hakikulainika. Jiwe tupu.

"Mwatima!" Sauti ya Fumbwe ilipenya kwenye ufa. "Nifungulie, mama. Sijalala, macho yananiwaka."

"Hata mwanangu hajalala, Mwinyi. Humo ndani kumebaki chokaa laini?"

Fumbwe alisogeza mdomo karibu na ufa.

"Ipo kidogo. Nimeikalia."

"Nipe."

"Vunja kwanza."

Mwatima akaweka nyundo chini, akaingiza kiganja kwenye ufa, akasubiri.