Skuta Isiyovuka Daraja

Duka la Galya liliuza kila kitu ambacho mtu huomba asije akakihitaji: magongo, vitanda vya wagonjwa, viti vya kuogea, na pale mbele penye kioo, skuta tatu za umeme za watu ambao miguu imewagomea. Gencho alisimama mbele ya skuta hizo, kofia mkononi kama mtu aliyeingia kanisani. Alikuwa amepanda basi saa nzima kutoka mji wake mdogo wa kando ya mto Danubi, kuja kumchagulia mkewe Nedelka miguu mipya.

"Anataka kwenda wapi?" Galya akamwuliza.

Swali lilikuwa jepesi, nalo lilimchoma. Akajibu kwamba mkewe anataka kwenda kwa mwoka mikate, duka la dawa, na kwenye mabenchi ya uwanjani wanakokaa wanawake wenzake kusengenya. Basi. Hakuna kwingine.

Galya akamwonyesha zote tatu, naye alikuwa muuzaji mwaminifu, si wa kukubambikia. Ile kubwa ilikuwa na kiti kama cha gari na ilikwenda kilomita arobaini. Ya kati ilikuwa na magurudumu manne, ilikwenda ishirini na tano, na kwa mitaa ya mawe na vilima ndiyo aliyowashauri wengi. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya magurudumu matatu, ina kikapu mbele na betri inayotolewa kama mkoba. Kwenye karatasi imeandikwa kumi, akasema, lakini kwa mama wa kilo themanini usihesabu zaidi ya sita.

"Sita kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi, mzee."

"Na kukiwa na mlima?"

"Kukiwa na mlima, tano. Ikizidi hapo utamkuta kakaa njiani."

Gencho akasema anaichukua hiyo. Galya akamtazama vizuri. Katika miaka yote ya kuuza hakuwahi kuona mteja anayefurahia kuambiwa kile ambacho mashine haiwezi. Akamkumbusha kwamba mwanawe Plamen, aliyepiga simu kutoka Stuttgart, alisema mama achukuliwe iliyo nzuri. Gencho akasema ndogo inapita mlangoni. Ni kweli, ilipita mlangoni. Mwongo hodari hujenga kwa matofali ya kweli.

Kwa sababu kutoka lango lao hadi lango la Stamena zilikuwa kilomita tatu na nusu. Moja na nusu hadi darajani, mbili za kupanda kilima. Alikuwa amezipima mwenyewe kwa baiskeli. Kwenda na kurudi, saba. Na Stamena alikuwa amekufa tangu Februari.

Nedelka na Stamena walishona kwenye meza moja miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha mashati, hadi kiwanda kikafa kabla yao. Walizaa mwaka mmoja, waligombana mara mbili kwa mwezi na kupatana kabla ya supu kupoa. Januari Nedelka akapigwa na kiharusi. Februari, akiwa bado anafundishwa kushika kijiko, Stamena akalala na hakuamka. Daktari alikuwa ameonya mgonjwa asishtuliwe. Siku Nedelka alipouliza kwa ulimi wake mzito mbona Stamena haji, Gencho akasema ameenda kwa binti yake, Hispania. Stamena alikuwa amewahi kwenda huko kweli, kukimbia baridi.

Alikusudia uongo ule uishi juma moja. Lakini uongo ni kama mgeni anayekuja na sanduku dogo kisha haondoki. Juma la pili Stamena alikuwa na mjukuu mgonjwa wa kumlea. Mwezi wa pili alikuwa akipiga simu kila mara Nedelka anapokuwa amelala. Gencho akawa anamletea salamu za marehemu mezani pamoja na dawa, na mke alikunywa vyote viwili na kupata nafuu. Hilo ndilo lililomfunga. Angalikuwa anadhoofika, labda Gencho angalisema kweli.

Tatizo la mji wao ni kwamba mauti hayafichiki. Mtu akifa, karatasi yenye picha yake hubandikwa kwenye lango lake, kwenye nguzo za umeme, kwenye kituo cha basi. Siku ya arobaini hubandikwa nyingine, miezi sita nyingine, mwaka nyingine. Maadamu Nedelka alikuwa ndani, karatasi hazikuwa na shida. Alipoanza kukaa uani na kuchungulia barabarani, Gencho akachukua kisu cha kukwangulia rangi akambandua Stamena kwenye nguzo zote saba za mtaa wao. Alifanya hivyo alfajiri, maana kumbandua maiti ukutani ni aibu ambayo huko hata mlevi haifanyi.

Siku ya arobaini, Ilka, mkwe wa Stamena, alikuwa amempa kikombe cha ngano ya kuchemsha iliyotiwa sukari, fungu la Nedelka. Ngano ile hugawiwa kwa roho ya marehemu. Anayeila husema "Mungu amsamehe" kisha hula. Gencho alifika nayo hadi ngazi za nyumba yake. Harufu ya vanila ingemsema. Akaketi kwenye ngazi akaila yote kwa haraka, bila neno, kama mwizi, akajifuta sukari midomoni na kuingia ndani.

Skuta ilipoletwa, Nedelka alicheka kwa mara ya kwanza tangu Januari. Akaizungusha uani mara nne, kuku wakakimbilia uani kwa jirani.

"Nyekundu!" akasema. "Mzee wewe, hata harusini hukuninunulia chekundu."

"Usivuke daraja tu," Gencho akamwambia. "Muuzaji amesema betri haiwezi kule juu. Utakwama."

"Ng'ambo nina nani sasa? Yeye yuko Hispania anakula machungwa."

Ikapita mwezi mzima wa furaha. Nedelka alienda kwa mwoka mikate akarudi na mkate na umbea. Wanawake wa mabenchini Gencho alikuwa amewazungukia mmoja mmoja, akawasihi. Walimhurumia, wakanyamaza, na kunyamaza kwa wale wanawake ni muujiza. Gencho akaanza kulala usiku. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alijisifu moyoni kwamba ya kwake ameipima kwa kilomita.

Kilichomshinda ni kalenda. Stamena alikufa tarehe kumi na tisa, kwa hiyo miezi sita ingetimia Agosti kumi na tisa, Jumanne. Akaizungushia alama ndogo, na kisu akakiweka tayari. Lakini mtoto yeyote aliyelelewa na bibi angemwambia kwamba kumbukumbu ya marehemu hufanywa Jumamosi inayotangulia, haisogezwi baada ya siku yake. Gencho maisha yake yote mambo ya ngano na mishumaa alimwachia mke. Na mtu pekee ambaye angemwuliza ndiye huyo asiyeweza kumwuliza.

Jumamosi hiyo alikula, akajinyoosha, akapitiwa na usingizi. Alipoamka skuta haikuwapo uani, wala kopo la kumwagilia maua. Hapo akakumbuka kwamba asubuhi Nedelka alikuwa akinung'unika juu ya maua ya Stamena yaliyo kwenye makopo dirishani, eti Ilka atayakausha, Ilka aliyewahi kuua hata mti wa miiba. Gencho hakutilia maanani. Daraja lilikuwapo. Betri ilikuwapo.

Akachukua baiskeli. Nguzo za mtaa wao zilikuwa tupu. Ilka alikwisha kuona kwamba kuna mtu wa huko anayebandua, na hakutaka kumpa mtu huyo karatasi za msiba wake tena. Nguzo ya kwanza yenye karatasi ilikuwa ya darajani. Stamena alikuwa anatabasamu, amevaa kola nyeupe aliyoshonewa na Nedelka. Miezi sita bila wewe. Gencho akashuka kwenye baiskeli, akakipanda kilima akiikokota.

Alimkuta mkewe mbele ya lango la Stamena. Skuta ilikuwa imezima pale pale, uso kwa uso na karatasi. Ilka alikuwa amesimama kando. Kwa sauti ya chini akamweleza Gencho kwamba wote walikuwa makaburini asubuhi na kisha mezani kwa shemeji, na waliporudi walimkuta mama hapo, hawajui tangu saa ngapi. Alitaka kumrudisha kwa gari. Mama alikataa. Alisema, aje yeye. Ilka akaingia ndani na kuwaacha.

Nedelka alikuwa ameshika kikombe cha plastiki mapajani. Ngano haijaguswa. Hakulia, ila uso upande usiougua ulikuwa umelegea kufanana na ule uliopigwa na kiharusi.

"Nilimwona tangu darajani," akasema. "Nikasema, betri hii haitanirudisha. Basi na iende."

"Nedelka, daktari alisema—"

"Daktari alisema juma moja. Mimi nilikuwepo, Gencho, ulimi ndio ulikuwa mzito, si masikio." Akakigeuza kikombe mapajani. "Ulikuwa unaniletea salamu zake. Uliniambia ananicheka kwamba nimenenepa. Nilifurahi siku nzima."

Gencho alitamani mkewe ampige kofi.

"Ilka anasema fungu langu la arobaini alikupa wewe. Ulilipeleka wapi?"

"Nililila."

"Wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Ulisema Mungu amsamehe?"

"Sikusema."

Nedelka akamtazama kwa muda, si kwa hasira. Hasira Gencho angeiweza. Akachukua punje chache kwa vidole vya mkono mzima, akasema maneno yale polepole, kila moja likipambana kutoka, akala. Kikombe hakumpa.

Chaja ilikuwa nyumbani. Nyuma ya skuta kuna kijiti ambacho ukikivuta magurudumu huachiwa, na mashine husukumwa kwa mkono. Galya alimwonyesha Gencho siku ile, naye hakumsikiliza vizuri. Akakitafuta, akakivuta. Ila kutoka kwa Stamena ni mteremko, kwa hiyo hakusukuma. Alishikilia kiti kwa nyuma kwa nguvu zake zote, mzee wa miaka sabini na sita, ili mkewe asimtoke mikononi na kuteremkia mtoni.

Darajani pakawa tambarare. Walipoingia mtaa wao Nedelka akainua mkono, na Gencho akasimama. Kwenye nguzo zilikuwa zimebaki pembe za karatasi na gundi ambazo kisu hakikuzimaliza.

"Hapa ulimbandua nani?"

"Yeye."

"Na hapa?"

"Yeye. Wote ni yeye, Nedelka. Nakuapia."

"Dada yangu Penka yu hai?"

"Yu hai. Alikuletea plamu mwezi uliopita."

"Ulileta wewe. Ukasema zimetoka kwake."

Wakaendelea. Akamwuliza juu ya jirani wa zamani aliyehamia Sofia, juu ya fundi wa viatu, juu ya padri aliyewafungisha ndoa. Gencho alijibu yu hai, yu hai, na padri tulimzika pamoja, umesahau? Kila jibu lilikuwa la kweli, na aliliona likianguka chini kabla halijamfikia. Miaka hamsini aliaminiwa hata aliposema mvua itanyesha. Sasa alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Mbele ya lango lao Nedelka akageuka kitini, kwa shida, mpaka akamwona uso.

"Na Plamen?"

"Nini, Plamen?"

"Mwanangu. Yu hai?"

"Nedelka! Si alipiga Jumapili?"

"Ulishika simu wewe. Nilikuwa nimelala."

Ilikuwa kweli: Jumapili ile alikuwa amelala, na Gencho alikuwa amemletea salamu mezani pamoja na dawa.

Akaiacha skuta, akapapasa mfukoni, akatoa simu. Akakosea namba, akaanza tena. Akaiweka kwa sauti kubwa na kuisogeza karibu na sikio la mkewe ili asikie mwenyewe. Plamen Jumamosi alikuwa kazini, na kazini simu hufungiwa kabatini. Gencho alilijua hilo, lakini lingekuwa neno lake tu. Simu ikaita. Nedelka aliisikiliza huku amefumba macho, kikombe cha ngano mapajani, ikaita mpaka ikakata. Gencho akabonyeza tena.