Ndege wa Saba

Mama alitaka ndege saba wafunguliwe pagodani, hekalu letu la Kibudha, kabla hajafa, iwe thawabu yake ya mwisho, na mimi mjinga nikanunua kasuku wakati mpunga unaanza kuiva. Sai Long Tip, ambaye shamba lake liko chini tu ya ukuta wa pagoda, akaja na manati na ndugu zake wawili.

"Nang Mo, thubutu kufungua walaji wa mpunga hapa uone!"

"Hawa ni vichwa-kijivu, Kaka. Chakula chao ni maua na machipukizi, huko huko msituni."

"Hata mwaka jana tuliambiwa hivyo. Tukavuna makapi."

Mama alikuwa mkekani uani mwa pagoda, pumzi zinamkatikakatika. "Mwonyeshe mmoja mmoja," akasema. "Akiwemo mla mpunga, ni wake."

Nikamtoa wa kwanza tunduni. Kichwa chote kijivu kilichokolea, mkia wa zambarau wenye ncha ya njano. Tip akamgeuza huku na huku, akaniashiria nimwachie. Wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, wote wakaruka moja kwa moja kuelekea msituni.

Kisha nikamtoa wa saba. Kichwa kijivu, sawa, na kifua kijani kama wenzake. Lakini kwenye paji palikuwa na utepe mweusi, mwembamba kama uzi, kutoka jicho hadi jicho. Alikuwa kinda la kifua-chekundu, yule mla mpunga hasa, ambalo wekundu wake bado haujaota. Nikaufunika utepe kwa kidole gumba.

"Kichwa-kijivu," nikasema.

Tip akaitikia tu. Alishachoka kukagua.

"Mo," Mama akaita. "Toa kidole."

Nilitamani ardhi inimeze. Ndege wote ninaowajua, yeye ndiye aliyenifundisha.

"Mama, atamnyonga! Leo, siku ya thawabu yako!"

"Sita wa kweli wananitosha. Mpe."

Nikampa, huku nalia kwa hasira. Tip akamshika ndege shingoni kwa vidole viwili, akamtazama Mama, akaendelea kumtazama mpaka ndugu zake wakaanza kujikohoza.

"Nitamfungia kwangu," akasema mwishowe. "Mavuno yakiisha, Shangazi, uje umfungue mwenyewe."

"Yanaisha lini?"

"Wiki sita."

Mama akacheka, akakohoa. "Daktari kanipa mbili, mwanangu."

Tip akageuka kulitazama shamba lake. Zaidi ya nusu lilikuwa bado kijani kibichi.

"Basi navuna kesho," akasema.